Uzi: Kabla ya kuongeza paneli ya pili, tengeneza nyaya za nyumba, za umeme na za intaneti (Bukavu)

Mwanzisha uzi, Ibanda

Ndugu wasomaji, salamu kwenu nyote.

Kila mgao wa umeme, ile delestaji yetu, unaporefuka katika mji huu, mazungumzo ya barazani huelekea upande mmoja: ninunue paneli ya wati ngapi, batri ya ampea-saa ngapi, invata (kile kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220) ya aina gani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kwanza umeme alio nao unaishia wapi. Hoja yangu ni kwamba kabla ya fedha kwenda dukani kutafuta chanzo kipya, ziende kwenye nyaya, viungo na vifaa vilivyomo ndani ya nyumba. Na kwamba anayefungua dari kwa ajili ya nyaya za umeme apitishe na kebo za intaneti kwa wakati huohuo, kwa sababu mambo hayo mawili yanakutana mahali pengi kuliko tunavyodhani.

Sisemi hivi kwa kuidharau sola. Bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza linafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na uwezo wake haufiki megawati 30. Ruzizi ya pili, iliyoanza mwaka 1989, ina megawati zipatazo 44 ambazo Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana. Mji umekua kupita mitambo hiyo, na juu ya hayo chupa za plastiki tunazozitupa mitaroni huteremka na mvua hadi ziwani, kisha huenda kuisumbua mitambo yenyewe. Mgao utaendelea, na sola itahitajika. Hata hivyo, wati uliyoiokoa haihitaji paneli, haihitaji batri, wala haiibiwi juu ya bati.

Jambo la kwanza ni kupima, na kipimo mnacho tayari ukutani. Mita nyingi za kielektroniki zina taa ndogo inayomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa, kwa mfano 1000 au 1600. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja tu, kisha uhesabu sekunde kati ya mweko mmoja na unaofuata. Chukua 3,600,000, ugawanye kwa ile idadi iliyoandikwa, halafu ugawanye tena kwa sekunde ulizohesabu: jibu ni wati. Kwenye mita ya 1000, mweko mmoja kila baada ya sekunde 36 maana yake ni wati 100. Na ikiwa umezima kila kitu lakini taa bado inamweka, basi kuna dekoda iliyolala bila kuzimwa, au friji iliyosahauliwa, au waya wa jirani ulioungwa baada ya mita yako pasipo wewe kuarifiwa.

Jambo la pili ni vifaa vya joto. Resho, yaani jiko dogo la umeme, ya wati 1000 imetengenezwa kwa volti 220. Jioni, volti zinaposhuka hadi 160, nguvu ya resho haishuki kwa kiwango hichohicho, kwa kuwa inafuata mraba wa volti: inabaki na wati 530 hivi. Wengi huona kwamba mita inakwenda polepole na kudhani wanabana matumizi. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu chakula kinakaa motoni zaidi ya maradufu ya muda wake, na muda wote huo joto linatoroka kupitia pande za sufuria, hivyo kilowati-saa zinazotumika kwa chakula kilekile zinaongezeka. Mwenye umeme wenye nguvu alfajiri achemshe maji alfajiri, ayaweke kwenye chupa ya thermosi, na jioni asiwashe resho kabisa.

Kuhusu taa sina mengi, maana karibu wote mmekwisha kuhama: ampuli (balbu) ya zamani ya wati 60 na LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Ruta ya intaneti ya nyumbani hutumia wati 8 hadi 10, lakini katika nyumba nyingi inalishwa na invata ambayo yenyewe, hata ikiwa haina mzigo wowote, hula wati 10 hadi 15 kwa ajili ya kukaa macho tu. Tufanye hesabu. Ruta ya wati 8 na invata inayokula wati 12 ni wati 20, yaani wati-saa 480 kwa siku nzima. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini haifai kuteremshwa chini ya nusu ikiwa mnataka idumu, kwa hiyo tunazo 600. Batri hiyo inatosha siku moja na ushei. Ruta ileile ikilishwa moja kwa moja kutoka kwenye batri kwa volti 12, bila kupandishwa hadi 220 na kuteremshwa tena na chaja yake, batri ileile inatosha karibu siku tatu. Hakuna paneli iliyoongezwa hapo. Pameondolewa mageuzi mawili yasiyo na kazi.

Karibuni kwa maswali. Kebo za intaneti nitazieleza baada ya kusikia nyumba zenu zikoje.

Mama wa Nguba

Asante, ndugu. Mimi napika kwa makala, yaani mkaa, na nadhani wengi wanaosoma hapa wanapika kwa makala, kwa hiyo tusizungumze kana kwamba nishati ya nyumba ni ile inayopita kwenye mita pekee. Gunia la makala limekuwa mzigo mkubwa katika matumizi ya mwezi, achilia mbali misitu ya upande wa Kahuzi-Biega inayokatwa kwa ajili yake.

Niongeze jambo ambalo wageni kutoka Kinshasa au Dar es Salaam hulishangaa: hapa tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Kuongeza makala hakuyafanyi maji yapite hapo. Yanazidi kutoa mvuke tu. Ndiyo maana maharage hapa yanachelewa kuiva. Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuyaloweka usiku kucha na kuyapika katika sufuria ya kubana mvuke, kwa sababu ndani yake joto linapita nyuzi 100. Ya pili ni kapu: kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu au mifuko iliyojazwa pamba, ambamo sufuria inayochemka inafunikwa vizuri na kuachwa saa kadhaa. Maharage, hasa mekundu, ni lazima yachemke kwa nguvu motoni kwa robo saa au zaidi kabla ya kuingizwa kapuni, kwani yakiivishwa kwa joto la chini peke yake yanaweza kuumiza tumbo vibaya. Wali na viazi havina masharti hayo.

Tena kuna maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20 ikitolewa kwenye nyuzi 20 na kufikishwa 40 inadai karibu nusu ya kilowati-saa. Kwenye mbabula (jiko la makala) ya kawaida, ambayo sehemu kubwa ya joto lake inakwenda hewani, hiyo ni karibu robo kilo ya makala au zaidi, kila ndoo. Pipa jeusi juu ya bati, lenye bomba la kuteremshia maji, linafanya kazi hiyo bure siku za jua. Jioni za mvua lisitegemewe.

Na tafadhali, mbabula isiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya kupasha joto. Moshi usioonekana wa makala unaua watu waliolala.

Swali langu ni la friji. Kila umeme unaporudi inatetema na kuzima. Shida ni friji au ni umeme?

Mwanzisha uzi, Ibanda

Mama, nashukuru kwa kunirekebisha kuhusu makala; uzi umepata nusu yake iliyokuwa imekosekana.

Kuhusu friji: mota ya friji ikijaribu kuanza wakati volti ziko chini sana, au wakati shinikizo la gesi ndani yake halijatulia baada ya kuzimika, inavuta mkondo mkubwa bila kuzunguka, na hapo ndipo inapoungua. Nunua kinga ya volti yenye ucheleweshaji, ile inayosubiri dakika 3 au zaidi baada ya umeme kurudi na inayokata volti zikiwa chini au juu kupita kiasi. Ni kifaa kidogo, na ni rahisi mno ukilinganisha na mota. Halafu bana karatasi kwenye mlango wa friji uliofungwa. Karatasi ikivutika bila kushikiliwa, mpira umechoka na baridi inatoka usiku na mchana. Isogeze pia mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili joto la nyuma lipate pa kwenda.

Fundi wa Bagira

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi, lakini habari ya kulisha ruta moja kwa moja kutoka kwenye batri imeandikwa kwa namna ambayo kesho mtu ataunganisha nyaya mbili na kuchoma ruta yake. Batri inayoitwa ya volti 12 haikai kwenye 12. Inapochajiwa na sola inapanda hadi 14.4, na inapochoka inashuka chini ya 12. Baadhi ya ruta huvumilia, nyingine hazivumilii, na kuna ruta za volti 9 na za volti 5 ambazo umbo la pini yake ni lilelile. Kwa hiyo, kwanza soma maandishi yaliyo chini ya ruta, si yaliyo kwenye boksi. Pili, weka kati ya batri na ruta kigeuzi kidogo kinachotoa volti zisizobadilika hata batri ipande au ishuke. Kitakula kiasi, lakini ni sehemu ndogo sana ya kinacholiwa na invata. Tatu, weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya batri, si mwisho wa waya. Watu hudharau batri kwa sababu volti 12 hazipigi mtu, wakisahau kwamba batri iliyoguswa kwa waya mfupi inatoa mamia ya ampea na kuufanya waya huo kuwaka.

Jambo la unene wa waya mwanzisha uzi amelitaja katika kichwa cha habari kisha akaliruka, nalo ndilo kiini. Kadiri volti zinavyokuwa ndogo, ndivyo waya unavyopaswa kuwa mnene. Chukua mzigo wa ampea 5 kwa volti 12, umbali wa mita 10, yaani mita 20 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unapoteza volti 1.2 njiani, ambayo ni asilimia 10 ya kila kitu. Kwa waya wa milimita mraba 4 unapoteza chini ya nusu volti. Nimeona nyumba zilizoongezewa paneli wakati waya uliotoka kwenye bati hadi kwenye batri ni ule mwembamba wa spika. Paneli ya pili iliongeza mkondo, mkondo ukaongeza joto la waya, na batri haikuona tofauti ya maana.

Upande wa volti 220, desturi ya mafundi ni milimita mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa prizi (soketi za ukutani), na 6 kwa jiko. Kila moja na disjonkta yake, ile swichi inayojikata mkondo ukizidi: ampea 10 kwa taa, 16 au 20 kwa prizi, 32 kwa jiko. Disjonkta inalinda waya, haikulindi wewe wala televisheni. Kuweka ya ampea 32 kwenye waya wa 1.5 kwa sababu ile ya 10 «inaanguka kila mara» ni kumwambia mlinzi alale. Katika Kadutu, ambako nyumba nyingi ni za mbao na zimesongamana, moto wa nyumba moja haubaki nyumbani humo.

Viungo navyo: waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa skochi unalegea kwa jinsi unavyopata moto na kupoa. Tumieni viunganishi vya skrubu au vya kubana, ndani ya kisanduku kilichofungwa. Aluminiamu inayotoka kwenye nguzo haiungwi moja kwa moja na shaba; kuna viunganishi vyake maalumu, maana mahali metali hizo mbili zinapokutana penye unyevu huliwa na kutu, na kiungo kinachoota kutu hupata moto. Jaribio la mwenye nyumba ni hili: piga pasi kwa dakika 20, kisha uguse uso wa nje wa prizi na wa kisanduku cha disjonkta. Kikiwa na joto linalosumbua kiganja, ita fundi kabla ya kununua chochote kingine.

Kazi ya ndani ya kisanduku cha mita si ya mwenye nyumba, hata awe hodari vipi.

Mpangaji wa Kadutu

Wakubwa, shikamooni. Mimi ni mpangaji, siwezi kufungua dari ya mtu. Tunashiriki mtandao mmoja na chumba cha nyuma, na Wi-Fi haifiki kwa sababu katikati kuna ukuta wa mawe unaoshikilia mlima na paa la bati la jikoni. Nilinunua kebo sokoni iliyoandikwa Cat6, nikabana vichwa mwenyewe, kipimo kikawasha taa zote nane, lakini kompyuta inaonyesha kasi ndogo na mara nyingine inakatika. Nataka kujua ikiwa tatizo ni kebo au ni mkono wangu.

Mwanzisha uzi, Ibanda

Mdogo wangu, marahaba. Inawezekana ni vyote viwili, nami nitaeleza kwa urefu kwa sababu swali lako ni la wengi.

Anza na kebo. Sokoni kuna kebo nyingi zilizoandikwa Cat5e au Cat6 ambazo ndani yake si shaba bali ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Chukua kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu. Uzi huo pia unakatika ukiukunja na kuukunjua mara chache, na boksi lake ni jepesi isivyo kawaida. Sumaku haitakusaidia, kwani haivuti shaba wala aluminiamu. Ukinzani wa kebo hizo unazidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kwa umbali mfupi zinaweza kuonekana nzima, lakini zikirefuka, au zikibebeshwa umeme wa kulisha antena, zinapata joto na kupoteza volti. Viwango vya kebo vinadai shaba tupu. Ni afadhali Cat5e ya shaba ya kweli, inayobeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, kuliko Cat6 ya jina.

Sasa mkono wako. Ndani ya kebo kuna jozi nne, na kila jozi imesokotwa ili kelele za nje zifutane. Kipimo cha bei ndogo kinaangalia tu kama uzi wa kwanza unafika kwa wa kwanza na wa nane kwa wa nane. Hakijui ni uzi upi umesokotwa na upi. Ukipanga rangi kwa mfuatano unaopendeza macho, yaani chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, taa zote nane zitawaka, lakini nafasi ya 3 na ya 6, ambazo zinapaswa kuwa jozi moja, zitakuwa zimegawanywa kati ya jozi mbili. Hapo ndipo kasi inaposhuka na mawasiliano kukatika. Mpangilio unaotumika sana ni huu, kuanzia kushoto huku meno ya shaba yakikutazama na kilimi cha kufungia kikiwa nyuma: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, na gamba la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe nalo. Uzi usining'inie wenyewe.

Kwa njia ya kupitisha: kebo ya intaneti isiingie bomba moja na waya wa umeme kamwe. Ziache mbali kwa sentimita 20 au zaidi zinapokwenda sambamba, na zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Usiipigilie kwa misumari inayoiminya, na kona iwe ya mviringo, si ya kukunjwa. Wewe mpangaji unaweza kutumia mfereji wa plastiki unaobandikwa ukutani chini ya dari; siku ukihama, unabandua na kuondoka nao.

Kwa wenye nyumba wanaofungua dari, ombi langu ni moja: hata kama leo hamna haja ya intaneti katika chumba cha watoto, pitisheni bomba tupu la milimita 20 au 25 lenye kamba ndani yake. Bomba hilo ni gharama ndogo leo. Kubomoa ukuta wa matofali baadaye si gharama ndogo.

Mwisho, ikiwa mtoa huduma amewawekea antena juu ya bati, kebo inayoshuka hubeba data na umeme pamoja. Kiwango cha IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, cha mwaka 2003, 802.3af, kinaruhusu hadi wati 15.4 zitoke kwenye swichi ya mtandao, na volti zake zinazidi 44, lakini hutangulia kuuliza kifaa kama kinaweza kuupokea umeme. Antena nyingi za nje hutumia njia nyingine ya volti 24 isiyouliza chochote. Mkichanganya visanduku vyake na kuchomeka kompyuta mahali pa antena, mnaweza kuiharibu. Viandikeni kwa wino mzito. Na kwa yule anayetaka kubana wati: kisanduku hicho nacho kinaweza kulishwa kutoka kwenye batri kwa kigeuzi cha 12 kwenda 24, kwa masharti yaleyale ya fyuzi aliyoyaeleza fundi.

Fundi wa Bagira

Kwa mpangaji: umesema chumba cha nyuma, na katikati kuna mlima. Je, kebo yako inapita nje, hewani?

Mpangaji wa Kadutu

Ndiyo, inaning'inia kutoka paa hadi paa.

Fundi wa Bagira

Basi iondoe kabla ya mvua za Septemba kushika kasi, nami nitasema kwa nini. Watafiti waliochambua picha za setilaiti ya TRMM za miaka ya 1998 hadi 2013 walichapisha matokeo yao mwaka 2016, wakionyesha kwamba sehemu inayopigwa na radi nyingi zaidi duniani ni Ziwa Maracaibo la Venezuela, na ya pili ni Kabare. Hiyo imo huku kwetu mashariki mwa Kongo: radi zipatazo 205 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Miji ya huku kwetu ina kila sababu ya kuogopa waya wa shaba unaoning'inia kati ya paa mbili.

Si lazima radi ikupige. Ikianguka mbali kidogo tu, inazaa volti ndani ya kila waya mrefu ulio karibu, na kebo yako inazipeleka kwenye ruta upande mmoja na kwenye kompyuta upande wa pili. Ikiwa paa hizo mbili zinalishwa na nyaya tofauti za umeme, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ardhi za majengo hayo mawili, yaani nyaya zao zinazopeleka umeme uliovuja udongoni, zinakuwa na volti tofauti kwa muda mfupi sana, na tofauti hiyo inatafuta njia kupitia kebo yako nyembamba.

Dawa ya kweli kati ya majengo ni kebo ya faiba, inayopitisha data kwa mwanga. Haina metali ya kupitisha mkondo, mradi ununue ile isiyo na waya wa chuma wa kuishikilia. Inauzwa ikiwa na vichwa vyake tayari, na inadai vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande. Ikiwa fedha haitoshi, tumieni antena mbili ndogo zinazotazamana. Kebo ya shaba nje ibaki kwa antena ya paa la nyumba ileile tu, iwe ya gamba jeusi linalovumilia jua, mlingoti wake uungwe na ardhi ileile ya nyumba, na mvua ikianza kunguruma ichomolewe pamoja na waya wa umeme wa ruta. Wengi huchomoa umeme peke yake, na ruta inaungua kupitia tundu la intaneti.

Kumbukeni «ardhi ileile». Kuchimbia antena fimbo yake ya peke yake, mbali na ile ya nyumba, bila kuziunga, ni kujitengenezea kwa mikono yako ile tofauti ya volti niliyoieleza.

Msomaji wa Goma, Himbi

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya Bukavu. Ninyi mna udongo wa mfinyanzi, fimbo ya shaba inaingia kwa nyundo. Sisi tumejenga juu ya mawe ya volkano, na katika viwanja vingi lava ya mwaka 2002 ndiyo sakafu. Fundi wetu alipiga fimbo, ikajikunja. Akasema tuache tu, nyumba nyingi hazina ardhi na watu wanaishi. Tufanye nini sisi?

Fundi wa Bagira

Karibu, ndugu wa Goma. Fundi wako amesema kweli kwamba watu wanaishi, lakini hajakwambia ni kwa bahati.

Lava kavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo acha kufikiria fimbo ya kwenda chini. Fikiria waya wa kulala. Ikiwa bado mnajenga, waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 25 uzungushwe chini ya msingi wote, mahali ambapo unyevu unakaa muda mrefu zaidi. Ikiwa nyumba imekwisha, chimbeni mfereji mrefu kadiri kiwanja kinavyoruhusu, leteni udongo wa mfinyanzi kutoka nje, lazeni waya katikati ya udongo huo, mshindilie, na maji ya paa yaelekezwe hapo. Chumvi ambayo watu huimwaga inasaidia kwa muda, kisha inaila shaba na kuondoka na mvua, mimi siipendi.

Halafu, na hili lifanyike hata kabla ya mfereji, wekeni disjonkta diferensia, ile inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30 mwanzoni mwa nyumba. Hesabu yake inawafaa ninyi kuliko mtu yeyote: hata ardhi yenu ikiwa mbaya kiasi cha omu 1000, miliampea 30 zikipita zinazaa volti 30 tu kwenye gamba la friji kabla ya umeme kukatwa, na hizo ziko chini ya volti 50 ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mpaka wa hatari mahali pakavu. Bila diferensia, ardhi ya omu 1000 haitaangusha disjonkta ya kawaida kamwe, kwa sababu mkondo utakaopita haufiki hata robo ya ampea. Mkinunua, ulizeni ile ya kimakanika ambayo haitegemei volti za mtandao ili ifanye kazi, kwani jioni volti zikishuka ile ya kielektroniki inaweza kulala. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi, umeme ukiwa na nguvu.

Kwa ruta na antena, omu 1000 hazitoshi kuzuia radi. Hapo kwenu, faiba na kuchomoa.